Kuisoma Hirizi ya Bibi Johari

Kila nikikutana na mmoja wenu, iwe sokoni Njombe au nje ya kanisa baada ya misa, swali ni lile lile: ilikuwaje huko? Nami husimulia kipande, simu inaita au mvua inaanza, kipande kingine kinabaki. Sasa nimekaa kuiandika yote mara moja. Mambo ya viza, vibali na tiketi nayaacha. Yalinichosha mimi, sioni kwa nini yawachoshe na ninyi.

Kazi yangu mnaijua: natunza vitu vya kale kwenye jumba dogo la makumbusho hapa mjini. Mwaka juzi alinijia mama mmoja wa Makambako, mjane wa miaka sabini na kitu, amevaa baibui na juu yake sweta nzito ya kijani. Jina lake Bibi Mwanaidi. Hakutaka kukaa. Alivuta uzi shingoni akatoa hirizi: kikasha cha shaba chembamba, urefu wake kama kidole gumba, mfuniko umelehemiwa pande zote.

"Mwanangu," aliniuliza, "mnaweza kujua kilichomo humu bila kukifungua?"

Hirizi ilikuwa ya bibi yake, aliyeitwa Johari. Johari aliolewa na mfanyabiashara aliyetoka Kilwa, Salum bin Hemedi, aliyekuwa tayari na mke mkubwa. Ukoo wa mke mkubwa ulisema siku zote kwamba Johari hakuolewa, alikuwa suria tu, mtumwa aliyenunuliwa njiani, na hata jina lenyewe la Johari ni la kitumwa. Maneno hayo yalikuwa ya kunong'onezwa hadi mwaka huo, familia ilipoamua kujenga ukuta kuzunguka makaburi yao. Mzee Rajabu, mjukuu wa mke mkubwa na ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alipima msingi akaliacha kaburi la Johari nje.

"Bibi alimwambia mama yangu kuwa jina lake limo humu," alisema Bibi Mwanaidi. "Akamwapisha asiifungue. Mama akaniapisha mimi. Sasa nifanyeje? Nikiifungua nimevunja kiapo. Nisipoifungua, bibi yangu analala nje ya ukuta kama mpita njia."

Nikamweleza kwamba hata bila kiapo nisingeifungua. Karatasi ya zamani hivyo, iliyokunjwa na kubanwa, hubomoka kama jani kavu ukiigusa. Lakini nilijua mahali penye mwanga unaoweza kupita ndani ya shaba na kusoma karatasi ikiwa bado imekunjwa. Niliandika barua, nikaandika tena, na mwaka mmoja na nusu baadaye tukapewa siku tatu. Nilidhani nitaibeba hirizi mwenyewe. Bibi Mwanaidi akaniambia hirizi haitoki shingoni mwake, kwa hiyo tutakwenda wote.

Makambako hadi Dar es Salaam

Mtoto wa Bibi Mwanaidi ana malori mawili, na Bibi hapandi basi, linamchafua moyo. Basi tuliondoka Makambako alfajiri tumekaa mbele kwenye lori la viazi, magunia ya lumbesa yaliyojazwa kupita kiasi nyuma yetu, dereva Shabani, Bibi katikati na mimi dirishani nikikumbatia begi langu. Ndani ya begi nilikuwa na hirizi ya bandia niliyoitengeneza kwa bati na karatasi ya zamani, ya kujaribia mtambo kwanza.

Mlima Kitonga tulikaa saa tano. Lori la mbao lilikuwa limekatika ekseli kwenye kona, na magari yalijipanga juu na chini mpaka macho yanapoishia. Wanawake walipita wakiuza mahindi ya kuchoma. Shabani alizima injini, akashuka, akarudi na habari kwamba fundi ametoka Iringa.

"Fundi wa kutoka Iringa tangu saa ngapi?" Bibi aliuliza.

"Wanasema tangu asubuhi, Bi Mkubwa."

"Asubuhi ya lini?"

Mimi nilikuwa nahesabu saa. Tukikosa ndege, zile siku tatu hazisubiri. Watu wa nchi nyingine wamepangwa nyuma yetu. Bibi aliona mguu wangu unavyotikisika akaweka mkono juu ya goti langu, akanipa hindi lake lililobaki nusu. Baadaye wanaume waliokuwa wamekwama waliamua wenyewe: wakashusha mbao, wakalisukuma lori pembeni kwa mikono na kamba. Shabani alirudi amelowa jasho, viganja vimechunika, akawasha gari.

Ruaha Mbuyuni tulikula wali na mbuzi. Bibi alinunua kitunguu kimoja tu, akakinusa, akakitia mkobani. Tulilala Mikumi, na kesho yake mchana tukashushwa Dar es Salaam na harufu yetu ya viazi. Ndege ilikuwa inaondoka jioni ile ile.

Angani, na mtu mwenye bisibisi

Ukaguzi wa kwanza ulipita vizuri. Bibi alikubali hirizi iingie kwenye mashine ya uwanja wa ndege baada ya kuniuliza mashine inafanya nini. Nikamwambia ni eksirei. Akamwendea kijana aliyekaa mbele ya kioo.

"Umeona nini ndani yake?"

"Kikasha cha chuma, shikamoo Bibi. Ndani kama kuna kitu."

"Marahaba. Hata mimi hiyo naijua," akasema, akaivaa.

Akanigeukia. "Kama eksirei ipo hapa, kwa nini twende Ulaya?"

Swali zuri. Nilimjibu kwamba hii ni kama kibatari na tunakokwenda kuna jua. Alilitafakari jibu hilo kutoka Dar hadi uwanja tuliobadilishia ndege, na huko likatupata jambo.

Huko mkaguzi mmoja, mwanamume mrefu mwenye glavu, hakuridhika. Aliigeuza hirizi, akaigonga kwa ukucha, akasema lazima ifunguliwe. Nikatoa barua zetu. Akazisoma, akasema barua zinasema ni kitu cha kale, hazisemi kilichomo ndani. Nikamwambia kilichomo ndicho tunachokwenda kukitafuta. Akatoa bisibisi ndogo kwenye droo.

Bibi hakujua neno la Kiingereza, lakini bisibisi aliielewa. Hakupiga kelele. Aliinyoosha mikono yake miwili juu ya meza, akaifunika hirizi, akabaki hivyo, anamtazama yule bwana usoni. Niliona safari yote inaishia juu ya meza ile.

Akaja mkubwa wao, mzee mwenye ndevu nyeupe. Aliangalia mikono ya Bibi, akaangalia uzi uliotokeza kati ya vidole, akaniuliza kwa Kiingereza kizito, "Ni ya mama yake?"

"Ya bibi yake."

Akafungua kifungo cha shati lake. Shingoni alikuwa na kijifuko cha ngozi, kimeshonwa. Akakirudisha haraka, akamwambia mwenzake maneno mawili, na bisibisi ikarudi drooni. Kwa Bibi akasema "Salamu aleikum" na Bibi akamjibu kwa ukamilifu wake, mkono mmoja kifuani, mwingine bado juu ya hirizi.

Mji wa chini ya milima

Tulifika Ufaransa asubuhi, tukapanda treni mpaka mji uliozungukwa na milima yenye theluji. Mwenyeji wetu, Dokta Elena, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini hivi anayesimamia chumba kimoja cha mtambo, alitupokea stesheni amebeba makoti mawili makubwa kama magodoro. Alikuwa na hofu kwamba watu wa Afrika tutaganda.

Bibi alishuka, akavuta pumzi, akafunga vizuri sweta yake. "Mwambie ahsante. Lakini hii ni baridi ya Juni tu."

Nilipotafsiri, Elena alidhani nimekosea. Ilibidi nimwonyeshe kwenye simu picha ya nyasi za Kitulo, mlimani huko kwetu, zimefunikwa na jalidi, umande ulioganda. Makoti akayabeba mwenyewe hadi kwenye gari.

Chakula ndicho kilichotupa taabu. Nyama Bibi hakuigusa kwa kuwa hakujua imechinjwa vipi, na Elena, kwa wema wake, akaagiza jikoni tupikiwe kitu kisicho na nyama. Vikaja viazi vilivyookwa kwa maziwa na jibini. Kesho yake viazi vya kuponda. Siku ya tatu viazi tena.

"Nimetoka kwenye viazi," Bibi alisema, "nimepanda juu ya viazi, nimekuja kula viazi." Lakini alikula, na akatoa kile kitunguu chake cha Ruaha akakikata vipande vyembamba juu ya sahani zetu zote tatu.

Siku tatu kwenye duara

Sasa mtambo wenyewe, ambao kila mtu ananiuliza. Unaitwa sinkrotroni. Fikirieni jengo la duara, kubwa kiasi kwamba wafanyakazi hulizunguka kwa baiskeli. Ndani ya ukuta mnene kuna bomba lisilo na hewa, na ndani ya bomba chembe za umeme zinakimbizwa karibu na kasi ya mwanga. Kila zinapolazimishwa kukata kona hutema eksirei kali sana. Mwanga huo hutolewa kwenye vyumba vilivyojipanga kando ya duara, na kila chumba kina watu wake: huyu anachunguza dawa, yule betri, mwingine rangi ya picha iliyochorwa kanisani karne zilizopita. Sisi tulikuwa na hirizi.

Siku ya kwanza mtambo ulizimika. Hitilafu ya umeme, walisema, dakika chache. Tulikaa kwenye viti vya plastiki tangu asubuhi hadi saa kumi jioni, Elena akienda na kurudi uso umemshuka. Bibi alimaliza tasbihi yake mara nyingi.

Siku ya pili mwanga ulirudi. Hapo ikatokea kutoelewana. Bibi alisimama na hirizi yake, akaelekea kwenye mlango mzito wa madini ya risasi wa kile chumba.

"Anakwenda wapi?" Elena akaniuliza.

"Naingia nayo," Bibi akasema.

Elena akamweleza, nami nikatafsiri, kwamba mwanga ukiwashwa hakuna mtu anayeruhusiwa humo, ungemdhuru. Bibi akarudi nyuma hatua moja.

"Kama unadhuru mtu, karatasi itapona?"

Elena alituonyesha hirizi yangu ya bandia, ambayo asubuhi hiyo ilikuwa imepigwa mwanga, akaikata mbele yetu. Karatasi ndani ilikuwa nzima, haikubadilika rangi. "Nimefanya hivi kwa karatasi nyingi za zamani," alisema. "Naamini haitadhurika. Kuapa siwezi."

Nilimtafsiria Bibi neno kwa neno.

"Angeapa nisingempa," Bibi akasema. Akavua uzi kichwani kwa mara ya kwanza bila mkaguzi kumtaka, akaiweka hirizi kwenye kiganja cha Elena.

Waliisimamisha juu ya meza ndogo inayozunguka polepole, na kamera ikapiga maelfu ya picha. Kompyuta ikaziunganisha. Saa tisa alasiri tukaona: karatasi imekunjwa mara tatu, kisha ikaviringishwa, kingo zote wazi, hata nyuzi za karatasi. Maandishi hakuna. Nyeupe tupu kutoka kona hadi kona.

Elena aliangalia, akaangalia tena. Akaniambia taratibu kwamba wino wa masizi ama wa zafarani, ambao waandishi wa hirizi walipenda kuutumia, eksirei huupita bila kuuona. Ama karatasi ni tupu kweli. Nilimweleza Bibi. Sikumficha kitu.

Akasema, "Mtu haapishi watoto wake kwa karatasi tupu."

Asubuhi ya tatu Elena alikuja mapema kuliko sisi. Alikuwa amefikiria njia nyingine. Aliirudisha kamera nyuma, mbali sana na hirizi, akabadilisha ukali wa mwanga. Akanieleza kwamba mwanga ukipita ukingoni mwa kitu hupinda kidogo, na ukiupa nafasi ya kusafiri, kupinda huko huonekana, hata kama kitu chenyewe ni chepesi mno kutia kivuli. Tulikuwa na muda wa kupiga mara moja tu kabla ya wenzetu waliofuata.

Picha zikaja. Kompyuta ikaanza kuikunjua karatasi ambayo haikukunjuliwa, mkunjo kwa mkunjo, kama mtu anavyofungua kitenge taratibu. Kwanza doa. Kisha mstari uliopinda, nukta mbili, mstari mwingine. Elena akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia.

Yalikuwa maandishi ya herufi za Kiarabu, mistari tisa. Elena hajui herufi hizo, mimi sizijui. Kulikuwa na mtaalamu ambaye tungempelekea picha kwa barua pepe, naye angejibu wiki inayofuata. Elena alikuwa ameanza kuandika barua hiyo. Bibi akavaa miwani yake, akasogeza kiti, akakaribia kioo cha kompyuta hadi pua ikakigusa.

"Mmeigeuza," akasema.

"Bibi?"

"Mnaitazama kwa mgongo. Mwambie aipindue, kama sura kwenye kioo cha kujitazamia."

Nilitafsiri. Elena akabonyeza, na maandishi yakageuka. Sikuwa nimewahi kujiuliza kama Bibi Mwanaidi anajua kusoma. Baba yake alimfundisha Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kabla hajaiona shule, na alikuwa akiandika hivyo barua zake zote. Akaweka kidole kwenye kioo akasoma, polepole, kwa sauti ya kawaida kama anayesoma orodha ya sokoni:

"Mimi Salum bin Hemedi nimemwoa Luvina binti Mtewele, wa Lupembe, mtu huru mwana wa mtu huru, kwa ridhaa yake na ridhaa ya baba yake, kwa mahari ya majembe ishirini, nayo yamepokewa. Nami nimemwita Johari kwa kumpenda. Atakayesema vinginevyo baada yangu amesema uongo. Na karatasi hii ni yake, akae nayo."

Chini yake majina ya mashahidi wawili.

Aliisoma yote mara ya pili. Kisha akavua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaifuta muda mrefu. Elena, ambaye hakuwa ameelewa neno, alikuwa analia, na mafundi wawili wa chumba cha jirani walikuwa wamesimama mlangoni hawajui watie mikono yao wapi.

"Luvina," Bibi akasema. "Bibi yangu alikuwa Mbena wa Lupembe, wa huko huko kwetu. Na sisi tunaambiwa watu wa kuja."

Nikamuuliza kwa nini mtu afiche cheti cha ndoa ndani ya hirizi.

"Alijua watamsema," alinijibu. "Karatasi mkononi wataichana. Hirizi, nani ataigusa?"

Makambako tena

Kurudi hakukuwa na visa. Tulipofika Makambako, ukuta wa makaburi ulikuwa umefika kiunoni. Bibi hakwenda kumfokea mtu. Aliita ukoo wote siku ya Ijumaa baada ya swala, akapika pilau, na watu walipomaliza kula nikatundika karatasi kubwa iliyochapwa maandishi yale.

Mzee Rajabu ni mtu mkubwa wa mwili, amefanya biashara ya mbao maisha yake yote, naye anasoma herufi zile vizuri kuliko Bibi. Alisimama mbele ya karatasi, mikono nyuma.

"Hii mmeitoa wapi? Hirizi mmeifungua?"

Bibi akamnyooshea hirizi. "Itazame, kaka. Tafuta palipoguswa."

Aliigeuza huku na huku mwangani. Lehemu ilikuwa vile vile, na vumbi la miaka mingi kwenye pembe. Nikamweleza habari ya mtambo, akasikiliza kama asiyesikiliza. Kisha akarudi kwenye karatasi, akaweka kidole penye jina la shahidi wa pili.

"Huyu ni kaka wa bibi yangu," akasema. "Kaka wa mke mkubwa. Alishuhudia yeye mwenyewe."

Akaanza kusoma kwa sauti, kutoka mwanzo, ili wale wa nyuma wasikie, na alipofika kwenye maneno "amesema uongo" alirudi mwanzoni mwa mstari. Akausoma wote tena bila kuruka neno.

"Dada," alimwambia Bibi, "nimekukosea wewe na nimemkosea marehemu. Nisamehe."

"Nimesamehe. Ukuta?"

"Mafundi wanakuja Jumatatu. Upande ule tutauvunja tuusogeze."

Wakausogeza. Nilikwenda kuuona mwenyewe. Kibao cha kaburi kina majina yake mawili, na lile la Luvina limetangulia.

Lupembe

Mngedhani hapo ndipo mwisho, nami nilidhani hivyo. Lakini Bibi alitaka kwenda Lupembe, kwa hiyo Shabani akatupeleka, safari hii kwa gari dogo, kupitia mashamba ya chai yaliyolowa ukungu. Tuliuliza nyumba kwa nyumba ukoo wa Mtewele. Tukaelekezwa kwa mzee mmoja Mkatoliki anayeishi jirani na misheni, mkulima wa chai, ambaye mkewe alitukaribisha kwenye viti vya wageni akatuletea chai na mkate.

"Kamwene," tukasalimiana kwa Kibena. Bibi alisema shida yake. Alitaja Luvina, alitaja mtu wa pwani, alitaja majembe ishirini.

Mzee aliweka kikombe chini.

"Majembe hayo tuliyasikia kwa baba zetu," alisema. "Mtewele alikuwa na watoto watatu. Mmoja aliolewa na mtu wa Kilwa, wakahama. Walikuwa wanasubiri habari zake, basi. Hazikuja." Akamgeukia Bibi. "Alizaa?"

"Alizaa. Mimi ni mjukuu wake."

Mzee akamwita mkewe kwa Kibena, maneno mengi niliyoyapata nusu. Yule mama akatoka jikoni anapangusa mikono, akaja akamtazama Bibi usoni kwa karibu, kisha akachukua kikombe cha wageni mbele yake akakiondoa. Nilishtuka, nilidhani tumewaudhi. Lakini alirudi na ungo wa maharage akamwekea mapajani.

Bibi akacheka kidogo: mgeni hapewi maharage kuchambua. Akavua viatu, akaenda kukaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wa nyumba ile, akaanza kuchambua.

Saa kumi na moja nilimwambia kwamba Shabani anataka kuondoka kabla ukungu haujafunga barabara. Hakuinua macho kwenye ungo.

"Nendeni tu, mwanangu," alisema. "Mimi nitakuja Jumamosi."